Penseli ya Wizara ya Hiari

Nchi yetu ina uhuru mwingi wa kuchagua, na kila mwaka, Jumanne ya pili ya mwezi wa Juni, uhuru huo huletwa shuleni kwetu na gari la serikali, ukiwa ndani ya boksi. Boksi moja hutosha kidato cha nne chote. Mimi ndiye ninayelipokea na kulitia saini, maana mimi ndiye Mwalimu Mshauri, kazi niliyopewa miaka kumi na minane iliyopita baada ya kuonekana kwamba sina ubishi.

Nieleze kidogo kwa ajili ya wageni. Mtoto wa kwetu akimaliza kidato cha nne huchagua tahasusi, yaani masomo matatu atakayosoma kidato cha tano na cha sita, na ambayo yatamfuata mpaka kaburini. Ni jambo zito. Nasikia kwamba katika nchi nyingine mtoto wa miaka kumi na saba huachwa peke yake na karatasi tupu, ajaze anachotaka. Huo ni ukatili. Kwetu Wizara ya Hiari humsaidia. Fomu inapofika, masomo matatu yameshaandikwa kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa kulala, na kazi ya mtoto ni kupitisha wino juu yake. Tendo hilo tunaliita kukoleza. Chini kabisa pana maneno yaliyopigwa chapa: "Nimechagua mwenyewe bila kushurutishwa na mtu." Saini nayo huwa imewekwa kwa penseli, ili mtoto asipate taabu.

Desturi hii ilianza kwa wema mtupu. Mwaka wa kwanza wa uhuru, waziri mmoja alitembelea shule akamkuta mtoto analia mbele ya fomu, kwa sababu hajui kuandika neno Jiografia. Waziri alikuwa mtu wa huruma, akatoa penseli mfukoni akamwandikia. Mtoto wa pembeni naye akataka aandikiwe, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena. Mpaka saa ya chakula waziri alikuwa amewaandikia wote, na kwa kuwa mkono ulishachoka, wote aliwaandikia Jiografia. Kwa miaka sita nchi yetu haikupata daktari hata mmoja, ila hakuna raia aliyepotea njia.

*

Mwaka ninaousimulia, penseli ilisema Historia, Heshima na Tarumbeta. Iliwaambia hivyo wanafunzi wangu wote arobaini na mmoja.

Tarumbeta ilikuwa na sababu yake. Mheshimiwa Sana, kiongozi wetu, alikuwa amerudi kutoka ziara ya nchi jirani, ambako walimpokea kwa tarumbeta kumi na mbili. Sisi tulimpokea kwa moja, na mpigaji wake alikuwa na mafua. Ndani ya gari Mheshimiwa Sana akamuuliza msaidizi wake, kama mtu anavyouliza saa, "Hivi sisi tuna wapiga tarumbeta wangapi?" Kwetu swali la mkubwa ni agizo. Wizara ya Hiari ikakaa vikao kumi na kimoja, na mwishowe ikatoa mwongozo kwamba taifa linahitaji wapiga tarumbeta elfu tisa, haraka. Tarumbeta zenyewe zilikuwa bado hazijafika nchini. Kwa muda huo wanafunzi wangepuliza faneli za kumiminia mafuta ya taa.

Nikagawa fomu. Nikawaambia maneno ninayowaambia kila mwaka: kwamba wafikiri kwa makini, waangalie vipaji vyao, wasifuate mkumbo, kisha wakoleze bila kutoka nje ya mstari. Darasa likatulia. Kalamu zikaanza kukwaruza. Nikasimama dirishani nikifurahia ule utulivu, mpaka nilipoona mkono mmoja uko juu.

Ulikuwa mkono wa Havijawa Mtengeti. Msichana mrefu, mkimya, na kandambili zake daima zina matundu ya duara kwenye kisigino, kana kwamba zimeliwa na panya mwenye nidhamu. Mama yake ni mkunga wa zahanati yetu. Zahanati ina pampu ya mkono, na ndani ya pampu kuna kipande cha mpira, duara, ambacho kikichakaa maji hayapandi. Serikali iliahidi kuleta kipande hicho mwaka ambao Havijawa alianza darasa la tano. Tangu hapo mtoto huyu hukata duara kutoka kwenye kandambili zake, akalipachika, na maji yakapanda. Kila duara hudumu wiki tatu.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Yangu imekosewa."

"Imekosewa vipi, binti?"

"Mimi nataka Fizikia, Kemia na Hisabati."

Wenzake wakacheka, kile kicheko cha mtu anayetazama mlango.

"Unaiona penseli hapo?"

"Naiona, Mwalimu."

"Inasemaje?"

"Inasema Tarumbeta. Lakini si penseli tu? Penseli inafutika." Akainama chini ya dawati, akaibuka na kandambili yake mkononi. "Hata hii inafuta. Shule ya msingi si tulikuwa tunafutia hizi hizi?"

Kweli. Hakuna mtu aliyesoma nchi hii ambaye hajafutia kandambili. Mimi mwenyewe hesabu zangu zote za utotoni zilifutwa na kandambili ya marehemu bibi yangu, na nilikuwa nakosea sana, kwa hiyo bibi alitembea akichechemea. Lakini kuna Sheria ya Ufutio. Kifungu cha nne kinasema kwamba mtu atakayefuta penseli ya serikali kwa kifaa binafsi hataruhusiwa kushika kalamu kwa miaka kumi. Yaani asingechagua Fizikia wala Tarumbeta. Nikamrukia. Nikampokonya ile kandambili mbele ya darasa zima.

"Vaa kiatu chako," nikamwambia nilipopata pumzi. "Tutafuata utaratibu."

Nilisema kwa upole, na niliamini kabisa kwamba nimemwokoa. Wale arobaini wengine walikoleza wakatoka kwenda kucheza. Fomu ya Havijawa nikaifungia kwenye droo yangu.

*

Kesho yake tukaenda wilayani, mimi na mama yake. Afisa Hiari wa Wilaya anaitwa Bwana Lukindo. Ni mtu mnene na mkarimu, na ofisini kwake ameweka viti viwili vya wageni, kimoja kina maandishi "Hiari" na kingine "Hiari". Tukakaribishwa tuchague.

"Hebu nielewesheni polepole," akasema akivua miwani. "Mtoto anataka kuchagua tofauti na alivyochagua?"

"Hajachagua bado, baba," akasema Mama Havijawa.

"Fomu imefika?"

"Imefika."

"Basi ameshachagua. Bado kukoleza tu."

Mama Havijawa ni mwanamke wa maneno machache. Amezalisha nusu ya mji huu, na nadhani kazi hiyo inamfundisha mtu kungoja. Akakaa mbele kidogo kwenye kiti.

"Baba, wiki jana nimezalisha wanawake wanne kwa ndoo moja ya maji, maana pampu ilikuwa imekufa na huyu mtoto yuko kwenye mitihani. Ndiye anayeifufua. Kila wiki tatu anaifufua. Ananiambia, mama, nikasome nijue ni mpira gani ambao hauchakai. Sasa akienda kupuliza faneli, mimi nitawaoshea nini wale watoto?"

Bwana Lukindo akasikitika. Namwamini kwamba alisikitika, alikunja hata uso.

"Mama yangu, pampu iko Wizara ya Maji. Mimi niko Hiari. Lakini usikate tamaa, hebu litazame jambo hili kwa upana wake. Binti akihitimu atarudi hapo zahanati, na kila maji yanapokatika atapiga tarumbeta. Sasa hivi wananchi wanakuja na ndoo zao bila kuwa na taarifa. Je, hayo si maendeleo?"

Mama Havijawa akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Lakini nilishasema kwamba Bwana Lukindo ni mkarimu. Akashusha sauti akatuambia njia ipo. Penseli ya serikali inaweza kufutwa, ila kwa Ufutio wa Taifa peke yake. Upo mmoja tu, uko makao makuu ndani ya kisanduku cha kioo, zawadi kutoka nchi rafiki. Unaombwa kwa barua, nakala saba. Katika barua hiyo mwombaji aeleze kwa nini penseli imekosea, bila kusema kwamba penseli imekosea.

Barua hiyo niliiandika mimi kwa siku tatu, na kwa kweli ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote nilizofanya. Sentensi yake kuu ilisema: "Mwombaji, huku akiafiki kikamilifu usahihi wa penseli, anaomba kwa unyenyekevu kupewa usahihi mwingine." Havijawa aliisoma akairudisha.

"Mwalimu," akasema, "kandambili ni dakika moja."

Nikamwambia mwenda pole hajikwai. Akaitikia ndiyo, kwa adabu, kama watoto wanavyoitikia wakishajua kwamba mkubwa hana msaada.

*

Ufutio ulikuja baada ya wiki saba, siku ya mwisho kabisa ya kurudisha fomu, kwa msafara wa magari matatu. Shule ilikuwa imejiandaa. Mawe ya njiani tuliyapaka chokaa, mbuzi wa jirani tulimfungia chooni, na shule ya kata ya pili ilituletea bendi yake ya faneli. Faneli, kwa asiyejua, haitoi mlio. Hutoa pumzi. Vijana thelathini walipuliza wimbo wa taifa kuanzia mwanzo hadi mwisho, tukasimama wima tukisikiliza pumzi zao, na wageni wakapiga makofi.

Mtunza Ufutio alishuka kwenye gari la katikati akiwa na glavu nyeupe. Bwana Lukindo akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Ufutio huu mnaouona una umri wa miaka arobaini na miwili. Katika miaka yote hiyo haujafuta hata herufi moja. Nauliza, hiyo ni ishara ya nini?"

Hakuna aliyejua ni ishara ya nini, kwa hiyo tukapiga makofi.

"Ni ishara kwamba serikali yenu haijapata kukosea! Na leo haijakosea. Leo inafuta kwa mapenzi tu. Baba hakosei, lakini baba akimpenda mwanawe humbadilishia hata kile alichopatia!"

Makofi tena. Havijawa alikuwa amekaa mbele, sare imepigwa pasi, na mama yake pembeni ameshika kibegi magotini. Fomu ikawekwa mezani, juu ya kitambaa cha bendera. Nilimwona msichana anapumua kwa kinywa. Nami, lazima niseme, nilikuwa na furaha kubwa moyoni. Utaratibu ulikuwa umefika, una magari na glavu, na nilikuwa nimeuleta mimi.

Mtunza Ufutio akafungua kisanduku. Ufutio ulikuwa umekauka kama kipande cha muhogo uliosahauliwa juani. Akausugua mara moja juu ya neno Tarumbeta, ukaacha baka jeusi. Akausugua mara ya pili, baka likapanuka likameza na Heshima. Mara ya tatu aliinuka kidogo kwenye kiti, akatumia bega, na karatasi ikatoboka.

Bwana Lukindo akaichukua fomu, akaiinua, akachungulia kwenye tundu. Jicho lake liliniangukia mimi. Kisha wakubwa wakaenda nyuma ya gari kushauriana, na waliporudi walikuwa wanatabasamu.

"Penseli imeondoka," akatangaza. "Ombi limekubaliwa lote kama lilivyoombwa. Hongera sana, binti!"

Makofi. Havijawa akasimama.

"Asante, Mheshimiwa. Sasa niandike Fizikia?"

"Utaandika wapi, mwanangu? Hapo hapana karatasi."

"Kwenye fomu nyingine, basi."

"Hilo ndilo jibu!" akasema Bwana Lukindo kwa shangwe, akawageukia wananchi. "Mnaona watoto wetu wanavyofikiri?" Akapunga mkono, na dereva akaleta fomu mpya kutoka kwenye gari la nyuma. Wizara huona mbali, ilikuwa imekuja na ya akiba. Nilipokea mimi. Ilisema Historia, Heshima na Tarumbeta, kwa mwandiko ule ule wa kulala, na saini ya Havijawa ilikuwa tayari mahali pake.

Mama Havijawa akasema, si kwa sauti kubwa, "Basi ifutwe na hii."

Mtunza Ufutio alikuwa ameshafunga kisanduku. Akaeleza kwa upole kwamba Ufutio ukishafanya kazi hupumzika mwaka mmoja. Na fomu zilikuwa zinafungwa saa kumi, siku ile ile. Asiyekoleza kufikia saa kumi ameamua kwa hiari yake kuacha shule.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

"Mwalimu Mshauri," akasema Bwana Lukindo, "tusaidie. Mshauri mtoto."

Watu wote wakanigeukia. Bendi, wazazi, wenzangu wa ofisini, hata yule mbuzi nilimsikia amenyamaza. Havijawa naye alinitazama, na uso wake ulikuwa bado umenitegemea, jambo ambalo sitalisahau. Nilijua nilitakiwa kusema kitu. Kilikuwa kinywani kabisa. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikiwaambia watoto waangalie vipaji vyao, na mwenye kipaji alikuwa huyu hapa amesimama mbele yangu na kandambili zenye matundu.

"Koleza, mwanangu," nikasema.

Akakaa. Akachukua kalamu. Mkono wake ulikuwa imara kuliko wangu, hakutoka nje ya mstari hata mahali pamoja. Saini ya penseli ilikuwa na mkia mrefu wa kujikunja, na ya Havijawa haina mkia, naijua vizuri. Aliukoleza na mkia. Kisha akainama karibu na sikio langu wakati wa kunipa karatasi.

"Mwalimu, kandambili ingefuta," akasema.

Mama yake alikuwa anatazama ukuta wa darasa. Bendi ikapuliza.

*

Mwezi wa kwanza Havijawa alikwenda shule ya mbali, safari ya siku mbili, akiwa na sanduku la bati na faneli mpya aliyopewa na wilaya. Pampu ya zahanati ilidumu wiki tatu, kama kawaida yake, na baada ya hapo ikatulia.

Mama yake alikuja nyumbani kwangu na ndoo mkononi. Nikadhani amekuja kunisema, na kwa kweli nilitamani anigombeze. Hakunisema. Aliniuliza tu kama nina kandambili chakavu.

"Nimejaribu kukata mwenyewe," akasema, "lakini duara langu linavuja. Mtoto hakuwahi kunionyesha anavyopima."

Nikavua ya mguu wa kulia nikampa. Nikaanza kusema naomba radhi.

"Sikulaumu, Mwalimu," akasema. "Wewe ulifuata utaratibu." Akaondoka. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama neno hilo, na hakulisema kwa ubaya.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa peke yangu ofisini, asubuhi, najaza Ripoti ya Mwaka ya Mwalimu Mshauri. Nasema najaza, ila mnajua jinsi ilivyokuja. Ilikuwa imeshaandikwa kwa penseli, ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi. Nilikoleza kurasa arobaini bila shida. Ukurasa wa Havijawa ulisema: "Mwanafunzi alishauriwa vyema, akachagua mwenyewe, akafurahi." Nikakoleza "alishauriwa vyema". Nikakoleza "akachagua mwenyewe". Kalamu ikafika "akafurahi" ikasimama.

Nilikuwa nimevaa kandambili iliyobaki, ile ya kushoto. Sijui nilipata wapi moyo. Niliivua, nikakata pembe yake ndogo kwa wembe, nikafunga mlango, nikaisugua juu ya neno lile taratibu, kama nilivyofundishwa na bibi. Likaondoka lote. Hapakubaki baka wala tundu. Nikaipeleka karatasi dirishani nikaitazama kwenye mwanga, ilikuwa nyeupe kama haijapata kuguswa.

Nikakaa nikiitazama nafasi ile. Ilikuwa na upana wa dole gumba. Hakuna mtu aliyewahi kunipa nafasi kubwa namna ile katika kazi yangu yote, na maneno yalikuja yenyewe, mengi, yote yanatosha hapo: akanyamaza, akaonewa, akanitazama. Nilikuwa nimeshika kalamu.

Nje likapita gari. Huenda lilikuwa linakwenda sokoni tu, kwa sababu halikusimama. Nilichukua penseli, nikaandika "akafurahi" kwa mwandiko wa kulala, na ulitoka vizuri, hata Wizara isingeujua. Kisha nikaukoleza.